Mnyoo Uliosimamisha Vita: Je, Huduma ya Afya Inaweza Kujenga Amani?

Kwetu Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, siku ya huduma ya mkoba uliijua kwa mizani. Wahudumu walifika asubuhi na kiboksi chao cha barafu, mizani ikaning'inizwa kwenye tawi la mti, na watoto wakaanza kutiwa humo mmoja mmoja, kila mmoja na kilio chake. Akina mama walikaa kwenye mikeka, kadi za kliniki mkononi, wakisubiri majina yaitwe.

Mwaka mmoja, nikiwa shule ya msingi, nyumba mbili za majirani zetu zilikuwa hazisalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la alizeti. Maneno mazito yalishatoka, na mapanga yalikaribia kutoka. Siku ya mizani, mama wa nyumba ya kwanza na mama wa nyumba ya pili walijikuta kwenye mkeka mmoja, kwa kuwa foleni ndiyo iliyowapanga hivyo. Mmoja akaitwa mezani akiwa na watoto wawili mikononi. Akasita kidogo, kisha akamkabidhi mwenzake mtoto mmoja bila kusema neno. Mwenzake akampokea, naye bila kusema neno.

Usinielewe vibaya, msomaji. Ugomvi haukuisha pale. Ulifika hadi baraza la kata na ulichukua muda mrefu. Lakini tangu siku ile wale akina mama walianza kusalimiana, na kesi ilipofika barazani kulikuwa tayari na watu wawili ambao waliweza kuongea.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilikutana na swali linalofanana na kile kisa cha mkeka, ila kubwa zaidi na lenye bunduki ndani yake. Je, huduma ya afya inaweza kuwakalisha pamoja watu wanaopigana vita? Na ikiwakalisha, amani inabaki, au kila mtu anarudi kwenye handaki lake dozi ikishamalizika?

Bahati nzuri hatuhitaji kukisia. Hapa Afrika Mashariki na kwa majirani zetu jambo hili limejaribiwa zaidi ya mara moja. Mara nyingine lilifanya kazi vizuri ajabu, na mara nyingine watu wa afya wenyewe waliuawa. Twende taratibu, tuone tofauti ilikuwa wapi.

Wazo lenyewe lilianzia wapi?

Mwaka 1984 Shirika la Afya la nchi za Amerika, PAHO, pamoja na nchi za Amerika ya Kati, lilizindua mpango uliobeba kaulimbiu ya afya kama daraja la amani. Eneo lile lilikuwa linawaka moto. El Salvador, nchi ndogo kabisa, ilikuwa katikati ya vita kati ya serikali na waasi wa FMLN, na watoto walikuwa wakifa kwa surua na polio, magonjwa ambayo chanjo zake zilikuwepo.

James Grant, aliyekuwa mkuu wa UNICEF, alimwendea Rais José Napoleón Duarte na ombi lililosikika kama ndoto: vita visimame ili watoto wachanjwe. Kanisa Katoliki likapeleka ujumbe kwa waasi. Mwaka 1985 bunduki zikanyamaza kwa siku tatu, siku moja moja katika miezi tofauti, na takriban watoto 250,000 wakachanjwa. Siku hizo zikaitwa Siku za Utulivu, na zilirudiwa kila mwaka hadi vita vilipokaribia mwisho. Mkataba wa amani ulisainiwa Januari 1992.

Je, chanjo ndiyo iliyomaliza vita vya El Salvador? Hapana, na anayesema hivyo anatia chumvi. Lakini angalia kilichotokea: kila mwaka maadui wale walipaswa kukaa, kupitia kwa wasuluhishi, wakakubaliana tarehe, barabara na nani apite wapi. Kila mwaka waliahidi jambo dogo na kulitimiza. Shika hilo, tutalirudia.

Uganda: njia ndogo iliyopita katikati ya vita

Mwaka huohuo wa 1985, jirani zetu Uganda walikuwa katika hali ngumu. Julai, jeshi lilimpindua Milton Obote na Jenerali Tito Okello akashika madaraka. Jeshi la msituni la NRA la Yoweri Museveni lilikuwa likidhibiti maeneo ya magharibi na kusini-magharibi, na kwa muda Mto Katonga ulikuwa mstari wa mbele. Upande mmoja wa mto kulikuwa na serikali, upande wa pili kulikuwa na utawala mwingine kabisa.

Sasa fikiria wewe ni mhudumu wa chanjo mwaka ule. Chanjo ziko upande mmoja na watoto wako upande wa pili. Chanjo si kama mahindi, kwamba utayaweka gunia ghalani hadi hali itulie. Inahitaji ubaridi kuanzia kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto, kile ambacho watu wa chanjo hukiita mnyororo baridi. Gari likizuiliwa kizuizini siku mbili juani, utakachofikisha ni chupa zisizo na faida.

UNICEF ilizungumza na pande zote mbili, na mwishoni mwa 1985 na mwanzoni mwa 1986 ikapatikana njia ya amani, yaani makubaliano kwamba ndege na malori ya chanjo na dawa yaruhusiwe kuvuka kwenda maeneo ya NRA. Wakati huohuo, jijini Nairobi, Rais Daniel arap Moi alikuwa akisuluhisha mazungumzo makubwa ya kisiasa. Mkataba ulisainiwa Desemba 17, 1985. Hazikupita wiki sita: Januari 26, 1986 NRA iliiteka Kampala, na mkataba ule ukabaki karatasi.

Ninachokiona hapa ni kwamba watu walewale walioshindwa kuaminiana kuhusu nani atawale, waliweza kuaminiana kuhusu lori la chanjo. Ahadi kubwa ilivunjika ilhali ahadi ndogo ilishikika. Je, ahadi ndogo ina uzito gani basi? Kulijibu hilo inabidi twende kaskazini zaidi, Sudan.

Mnyoo wenye urefu wa mita moja

Kabla ya siasa, biolojia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini vita vilisimama.

Mnyoo wa Guinea (kisayansi *Dracunculus medinensis*) huanza safari yake kwenye maji yaliyotuama: dimbwi, lambo, kisima cha wazi. Kama umekulia nyanda kavu kama zetu Singida, picha hiyo haiwi ngeni kwako. Mabuu ya mnyoo humezwa na viumbe wadogo sana wa majini, ambao ni kama nukta tu kwa macho. Mtu akinywa maji hayo, viumbe wale hufa tumboni lakini mabuu hubaki hai, hupenya mwilini na kukua kimyakimya. Mtu hajui chochote. Baada ya takriban mwaka mmoja, uvimbe hutokea, mara nyingi mguuni, unaungua kama moto, kisha ngozi inapasuka na mnyoo unaanza kutoka. Unaweza kufikia urefu wa mita moja, na huvutwa taratibu kwa kuuzungusha kwenye kijiti, siku baada ya siku, hata wiki kadhaa.

Maumivu yale humsukuma mgonjwa kutia mguu kwenye maji ili apoe. Mguu ukigusa maji, mnyoo unamwaga mabuu maelfu kwa maelfu, na mzunguko unaanza upya. Mara nyingi hali hii huangukia msimu wa kilimo, mkulima akawa amelala na njaa ikaingia nyumbani.

Hakuna chanjo ya mnyoo huu, wala dawa ya kuutibu. Kinachofanya kazi ni mambo rahisi sana: chuja maji ya kunywa kwa kitambaa chenye matundu madogo, mzuie mgonjwa asiingie kwenye chanzo cha maji, tibu maji kwa kemikali inayoua wale viumbe wadogo, chimba visima salama. Mwaka 1986 ulimwengu ulikadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 3.5 katika nchi 21. Ndipo Kituo cha Carter, taasisi ya Rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter, kikaongoza kampeni ya kuutokomeza kabisa.

Kampeni ilipiga hatua nchi nyingi. Lakini kusini mwa Sudan vita vilikuwa vinaendelea tangu 1983 kati ya serikali ya Khartoum na SPLA ya John Garang, na baadaye makundi yaliyojitenga nayo. Wahudumu hawakuweza kufika vijijini, na mnyoo ukaendelea kuzaliana. Sudan ikawa ngome yake.

Miezi sita ya 1995

Machi 1995 Carter alikwenda Sudan na kuzungumza na Rais Omar al-Bashir, na pia na viongozi wa makundi ya kusini. Hakuomba wamalize vita. Aliomba wasitishe mapigano kwa miezi miwili ili wahudumu wapite. Walikubali. Muda ulipokwisha waliuongeza, na kwa ujumla utulivu ule ulidumu karibu miezi sita. Hadi leo unatajwa kuwa usitishaji mrefu zaidi wa mapigano uliowahi kupatikana kwa sababu ya afya.

Katika miezi ile wahudumu waligawa vichujio vya kitambaa zaidi ya 200,000. Na kwa kuwa barabara zilikuwa wazi, hawakubeba vichujio peke yake. Walichanja makumi ya maelfu ya watoto dhidi ya surua na polio, wakagawa vitamini A, na wakaanza matibabu ya ugonjwa wa usubi unaopofusha watu. Vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote wa afya viliorodheshwa kwa mara ya kwanza.

Sasa nikuulize: kwa nini majenerali walikubali? Huruma inaweza kuwemo, lakini mimi naona sababu tatu nzito zaidi.

Ya kwanza, mnyoo haukuwa na chama. Ulimtoka askari wa Khartoum kama ulivyomtoka mpiganaji wa SPLA na mchungaji wa Kinuer au Kidinka. Hakuna upande uliopoteza kitu kwa kuukubali mpango.

Ya pili, ahadi ilikuwa ndogo na yenye tarehe. Hakuna aliyetakiwa kusema nani ana haki juu ya mafuta, mipaka au dini ya nchi. Walitakiwa kutofyatua risasi hadi siku fulani. Ahadi ya namna hiyo inapimika: ama gari lilipita salama ama halikupita. Na ukishaipima mara moja unaweza kuiongeza, kama walivyofanya.

Ya tatu, kila upande ulipata heshima. Serikali ilionekana inajali wananchi wake, na waasi walichukuliwa kama watu wa kukaa nao mezani. Hii ya tatu ina makali pande zote mbili. Wapo wachambuzi waliosema kwamba majeshi yalitumia miezi ile kujipanga upya kwa vita, na sioni sababu ya kulipuuza hilo. Ukisimamisha risasi ili muuguzi apite, huwezi kumzuia mpiganaji kupumzika.

Na kweli, vita vilirudi. Mkataba wa Amani wa Jumla ulisainiwa Nairobi Januari 9, 2005, karibu miaka kumi baadaye. Kusema kwamba mnyoo uliiletea Sudan amani ni uongo. Basi miezi ile ilibakiza nini?

Ilibakiza watu. Kuutokomeza mnyoo kunahitaji mtu kijijini, yaani mjitoleaji anayejua nani ana uvimbe, nani kachuja maji, nani kaingia dimbwini. Mtandao wa wajitoleaji ulioanza kujengwa nyakati zile uliendelea kukua baada ya 2005. Mwaka 2006 eneo la kusini liliripoti wagonjwa 20,581. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na Desemba 2013 vita vipya vikalipuka, safari hii kati ya Wasudan Kusini wenyewe. Ungetegemea kila kitu kianguke. Lakini 2013 walikuwa wagonjwa 113, 2014 wakawa 70, 2015 wakawa 5. Mwaka 2017 hakuna hata mmoja. Mwaka 2018 wakaonekana tena 10, kwa hiyo kazi haijaisha, ila kutoka elfu ishirini hadi idadi ya kuhesabia kwa vidole, katikati ya vita, ni jambo la kushangaza.

Kwa nini halikuanguka? Mfadhili anaweza kuhamishwa kwa ndege, na daktari wa mjini anaweza kukimbia. Mjitoleaji wa kijijini hana pa kwenda zaidi ya pale watu wake wanapokwenda. Wakikimbia, anakimbia nao, na kichujio shingoni.

Majirani nao walifaidika. Mnyoo huvuka mpaka ndani ya mguu wa mtu, na kwa miaka kadhaa Kenya na Uganda ziliendelea kupata wagonjwa waliotokea Sudan. Uganda ilithibitishwa kuwa huru na ugonjwa huu mwaka 2009, Kenya mwaka 2018.

Kongo: sura mbili za dawa ileile

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuambia tupeleke chanjo kila penye vita na tulale usingizi. Lakini twende mashariki ya Kongo, ambako somo hili lina sura mbili.

Sura ya kwanza inapendeza. Mwaka 1999 nchi ilikuwa imegawanyika vipandevipande: Kinshasa ina serikali yake, Goma ina waasi wake, kaskazini kuna waasi wengine, na majeshi ya nchi kadhaa yamo ndani. Polio haiwezi kutokomezwa kwa kuchanja nusu ya nchi, kwa kuwa kirusi kitajificha kwenye nusu nyingine kisha kirudi. Umoja wa Mataifa uliomba Siku za Utulivu, na kuanzia Agosti 1999 kampeni za kitaifa za chanjo ziliendeshwa pande zote za mistari ya vita, mamilioni ya watoto wakapata matone. Kirusi-mwitu cha polio hakijaonekana tena Kongo tangu 2011, na Agosti 25, 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na kirusi hicho.

Sura ya pili inauma. Agosti 1, 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, katika maeneo ya Beni na baadaye Butembo. Safari hii sayansi ilikuwa na silaha ambayo haikuwepo awali: chanjo inayofanya kazi. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo mlipuko ulidumu hadi Juni 25, 2020, watu 3,470 wakaugua na 2,287 wakafa.

Jiweke kwenye viatu vya mkazi wa Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo lako wamekuwa wakichinjwa kwa mapanga usiku, na ulimwengu haukuja. Mtoto wako ana malaria, na zahanati haina dawa. Kisha ghafla inaingia misururu ya magari meupe, fedha nyingi, wageni wenye mavazi kama ya wanaanga, wakisindikizwa na askari walewale usiowaamini. Wanakuambia wamekuja kuokoa maisha yako. Ungeuliza nini? Wengi waliuliza: tulipokuwa tunachinjwa mlikuwa wapi?

Kisha ikaja siasa. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kama sababu mojawapo. Rais mpya aliapishwa kabla watu wale hawajapiga kura. Wananchi wa Beni walijipanga foleni na kupiga kura zao za maonyesho, wakinawa mikono, kuuonyesha ulimwengu kwamba ingewezekana. Katika maandamano kituo cha wagonjwa wa Ebola kilivamiwa. Kwa macho ya watu wengi, Ebola ilikuwa imechukua upande.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Aprili 19, 2019 watu wenye silaha waliingia kwenye hospitali Butembo na kumuua Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani. Hakuwa na bunduki. Alikuwa kwenye kikao na wenzake.

Kila ninapofika hapa huwa nasimama kidogo. Sisi tunaosoma afya tunapenda kuamini kwamba koti jeupe linatosha kutulinda, kwamba nia njema inaonekana kwa mbali. Haionekani. Watu husoma upande wako kwa kuangalia umekuja na nani, umemsaidia nani kwanza, na ulikuwa wapi jana.

Kilichobadilisha hali kidogokidogo ni mambo ya kibinadamu. Matangazo mengi ya mwanzo yalikuwa ya Kifaransa na Kiswahili sanifu, wakati watu nyumbani wanaongea Kinande na Kiswahili cha kwao, kwa hiyo lugha ikabidi irekebishwe. Zilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kuongea naye, badala ya kusikia tu kwamba aliingia na hakutoka. Watu waliopona Ebola waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini, kwa kuwa kinga yao iliwawezesha kuwashika. Na Julai 2019 uongozi wa mapambano ukakabidhiwa kwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza kukutana na kirusi hiki Yambuku mwaka 1976.

Wakati huohuo surua ilikuwa inaua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, idadi inayozidi waliokufa kwa Ebola, na haikupata kelele kama zile. Ukishalijua hilo, swali la watu wa Beni halionekani tena kuwa la ujinga.

Tofauti iko wapi?

Weka sasa Sudan ya 1995 na Butembo ya 2019 mezani, uzitazame kwa pamoja. Ukitazama sayansi peke yake, Butembo ilipaswa kufanikiwa zaidi: kulikuwa na chanjo, maabara na fedha. Sudan ilikuwa na vitambaa.

Lakini Sudan kila upande uliombwa ridhaa kabla gari halijawashwa. Butembo huduma ilifika na ulinzi wa upande mmoja wa mgogoro, ridhaa ikaanza kutafutwa baadaye. Sudan ugonjwa ulikuwa mzigo ambao watu wenyewe waliuhisi miguuni. Beni watu walikuwa na orodha ya shida zao, na Ebola haikuwa ya kwanza kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: huduma ya afya haileti amani kwa sababu wahudumu ni watu wema. Inasaidia pale inapowapa maadui ahadi ndogo ya kutimiza, yenye tarehe, inayopimika, isiyompa mshindi mtu yeyote. Kila ahadi iliyotimizwa huacha kitu nyuma yake: mtu uliyemjua upande wa pili, barabara mliyowahi kuifungua pamoja. Mazungumzo makubwa yakija, yanakuta pa kukanyaga. Na ikionekana ina upande, huduma ileile inageuka kuwa uwanja mwingine wa vita.

Jambo hili si la majirani peke yao. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walifurika Kagunga, kijiji kidogo cha Kigoma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawa inawavusha kuelekea Kigoma mjini. Kipindupindu hakiulizi kitambulisho. Ukiwatibu wakimbizi na kuwaacha wanakijiji wanaochota maji ufukwe uleule, ugonjwa utabaki, na kinyongo kitaongezeka juu yake. Ukiwatibu wote kwenye foleni moja, unadhibiti kipindupindu na unazuia ugomvi wa kesho. Kwa hiyo anayepanga foleni ya dawa mpakani anafanya kazi ya amani, ajue asijue.

Narudi kwetu. Mwaka jana nilikwenda nyumbani likizo nikapita pale kwenye ule mti. Siku hizi nauangalia kwa jicho jingine. Aliyeamua mikeka itandikwe pale, katikati, na si kwenye ua wa mtu yeyote, hakusoma sehemu yoyote kuhusu El Salvador. Aliona tu kwamba ukiitundika mizani kwenye ua wa nyumba moja, nyumba nyingine haitaleta watoto wake.

Basi ukipata nafasi ya kupanga huduma yoyote, hata kambi ya siku moja ya kupima macho, anza na swali hilo kabla ya kuhesabu dawa: mizani tunaitundika kwenye mti wa nani?